Daftari la Chuma

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo niliifundisha darasani kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mara niliieleza kama ilivyozoeleka: mfanyabiashara aandike mauzo yake, mkulima aandike magunia yake, na mwenye mifugo ajue idadi ya mifugo yake. Lakini kuna swali moja ambalo sikuwahi kuwauliza wanafunzi wangu, ingawa lilikuwa limenikaa moyoni tangu utoto wangu. Je, daftari lenyewe likiungua?

Nimezaliwa hapa Somanda, Bariadi, na hapa ndipo nilipostaafia. Siku za utoto wangu tulihesabiwa kuwa watu wa mkoa wa Shinyanga, kwa maana mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Nyumba zetu ziliezekwa kwa nyasi, na mali ya mtu ilikuwa ng'ombe na pamba. Pamba ilileta fedha mara moja kwa mwaka. Ng'ombe walikuwa ndio benki.

Mwaka 1978, nikiwa darasa la sita, nyumba yetu iliungua. Ilikuwa kiangazi, upepo ulikuwa mkali, na cheche iliruka kutoka jikoni. Kabla watu hawajafika na ndoo, paa lilikuwa limekwisha. Tulitoka salama sote, tukamshukuru Mungu. Lakini marehemu baba alikuwa na sanduku la mbao chini ya kitanda, na ndani yake mlikuwa na noti za akiba pamoja na stakabadhi za pamba aliyokuwa ameuza msimu ule na hajalipwa. Asubuhi tulikuta jivu jeusi lenye umbo la karatasi. Ukiligusa, linavunjika. Baba alikwenda kudai fedha za pamba akaambiwa kwa upole tu: mzee, bila stakabadhi hatuwezi kukusaidia. Hakwenda tena.

Katika majivu yale vilibaki vitu vichache: majembe mawili, kufuli, na chuma cha chapa ya ng'ombe wake. Chuma hicho kilikuwa na mpini mrefu, na ncha yake ilikunjwa na mhunzi ikawa alama ya ukoo wetu. Moto haukukifanya kitu. Na kwa nini ukifanye? Kilizaliwa motoni, na kila mwaka kilirudishwa motoni kufanya kazi yake.

Nieleze kwanza desturi moja kwa msomaji ambaye hakulelewa Usukumani. Mzee mwenye akili hakuweka ng'ombe wake wote katika zizi moja. Baadhi aliwapeleka kwa rafiki au ndugu wa kijiji cha mbali, awachunge na kunywa maziwa yao, lakini ng'ombe hubaki mali ya aliyewapeleka. Ugonjwa ukiingia kijiji hiki, au wezi wakivamia, au malisho yakikauka, kule kwingine kunabaki mbegu. Baba alikuwa amefanya hivyo kwa rafiki yake mmoja aliyekaa upande wa Meatu ya leo. Basi baada ya moto tuliondoka kwa miguu, baba na mimi, kwenda kuwatazama.

Tulikuta rafiki yake amefariki. Wanawe walitupokea vizuri, wakatupa maji na chakula, lakini baba alipotaja ng'ombe walitazamana. Hawakuwa waongo. Walikuwa hawajui tu, kwa sababu baba yao hakuwaambia, na katika zizi lao ng'ombe walikuwa wengi. Wazee wa pale wakaitwa. Baba akafungua gunia lake, akatoa kile chuma. Moto ukawashwa, chuma kikawekwa mpaka kikawa chekundu, kikagandamizwa juu ya ubao mbele ya wote. Kisha wakaingia zizini wakiwa na ule ubao, wakalinganisha alama ile na mapaja ya ng'ombe. Wakapatikana wanne.

Hata hivyo kijana mmoja aliuliza swali la haki kabisa: "Tutajuaje kama chuma hiki ni chako, mzee? Huenda umekiokota." Baba alinyamaza. Ndipo mjane wa marehemu, aliyekuwa ameketi pembeni akichambua mboga, aliposema kwamba yeye alikuwapo siku ng'ombe wale walipoletwa. Kwamba walikuwa wawili, majike, na mmoja alikuwa na pembe iliyovunjika. Na kwamba marehemu alimwambia ni amana. Basi kesi ikaisha. Tulirudi Somanda na ng'ombe wanne, na kwa hao wanne ndugu zangu na mimi tulisomeshwa.

Nimesimulia habari hii ndefu kwa sababu miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwisha kustaafu, ilirudi nyumbani kwangu ikiwa imevaa nguo nyingine.

Alikuja mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye hutengeneza simu Mwanza. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kula, alitoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Akasema, "Mjomba, nimepata kazi Muscat. Nitakaa huko miaka miwili. Nataka unitunzie hiki." Nilikifungua. Mlikuwa na maneno 12 ya Kiingereza yaliyopangwa kwa namba, kama orodha ya imla. Hayakuwa na maana yoyote yakisomwa pamoja. Nikamwuliza kama ni somo la lugha. Akacheka, akasema, "Hapana, mjomba. Hizo ndizo ng'ombe zangu."

Alikuwa na akiba yake katika Bitcoin, ile sarafu isiyoshikika iliyoanza mwezi Januari mwaka 2009. Nilikuwa nimeisikia redioni na sikuipenda. Nilikumbuka DECI, ule mchezo wa kupanda mbegu uliovunjwa mwaka 2009, uliochukua fedha za watu wengi wa nchi hii, na katika hao walikuwamo walimu wenzangu. Nikamwambia hivyo waziwazi. Kijana hakukasirika. Alisema hofu yangu ni ya haki, kwamba matapeli ni wengi, na kwamba bei yenyewe hupanda na kushuka kama bahari: mwishoni mwa mwaka 2021 sarafu moja ilipita dola 60,000 za Marekani, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Alisema pia kwamba Benki Kuu yetu mwaka 2019 ilitangaza kuwa sarafu za namna hii si fedha halali nchini. Kwamba mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa mambo haya. Na kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya asilimia 3 katika uhamishaji wa mali za kidijitali. "Kwa hiyo," akasema, "si halali kama noti, lakini mtoza kodi anaitambua." Nikaona kijana amesoma shamba lake kabla ya kulima.

Alinieleza jinsi inavyofanya kazi, nami nitajaribu kumweleza msomaji kama nilivyoelewa. Sarafu zenyewe hazimo ndani ya simu. Zimo katika daftari moja kubwa ambalo nakala zake zimetawanyika katika maelfu ya kompyuta duniani kote, na kila mtu anaweza kulisoma. Kilichomo katika simu ni ufunguo tu, yaani namba ndefu mno inayothibitisha kwamba wewe ndiwe mwenye haki ya kuhamisha fungu fulani. Namba hiyo ni ngumu kuinakili bila kukosea. Kwa hiyo mwaka 2013 wataalamu walitunga kanuni, inayoitwa BIP39, ya kuigeuza namba iwe maneno. Waliteua maneno 2,048 ya kawaida. La kwanza ni "abandon", yaani kutelekeza, na la mwisho ni "zoo", bustani ya wanyama. Kompyuta huchagua kwa bahati nasibu, na kupata kwako maneno 12 au 24. Mpangilio wake ni sehemu ya siri. Neno la mwisho hubeba pia hesabu ya kusahihisha, ili ukikosea neno moja mashine iweze, mara nyingi, kugundua kosa.

Simu ikipotea, ikiibiwa au ikitumbukia ziwani, mtu hununua nyingine, anaingiza maneno yale kwa mpangilio wake, na mali yake inarudi. Lakini maneno yakipotea pamoja na simu, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Hakuna meneja. Na mtu mwingine akiyaona, naye hana haja ya kukuuliza. Yeye ndiye mwenye mali.

Hapo nilikitazama tena kile kikaratasi, na pua yangu, msomaji, ilisikia moshi wa mwaka 1978.

Nikamwambia, "Mjomba, karatasi sitaipokea." Akadhani nimekataa kumsaidia. Nikainuka, nikaingia chumbani, nikatoka na kile chuma cha chapa. Nilikuwa bado ninacho, na ninacho hadi leo. Nikamsimulia. Alipomaliza kusikiliza alisema jambo lililonishangaza: kwamba wenzake ulimwenguni walikwisha kuona hatari hiyohiyo, na wengi huandika maneno yao juu ya vibao vya chuma. Yako makampuni yanayoviuza. Na yuko Mmarekani mmoja, Jameson Lopp, ambaye tangu mwaka 2018 amekuwa akivitia vibao hivyo motoni, kuvimwagia tindikali na kuviponda kwa mashine ili kuona ni vipi vinavyostahimili.

Nikajiambia kwamba huu si uvumbuzi. Ni kurudi nyumbani. Maana tangu zamani, binadamu alipotaka jambo lidumu kuliko yeye, alilitia katika chuma. Masultani wa Kilwa, kuanzia yapata karne ya 11, walipiga sarafu za shaba zenye majina yao kwa maandishi ya Kiarabu, na upande mmoja ukaandikwa ukiwa na vina na upande wa pili. Maghala yao yameporomoka, vitabu vyao vingi vimeliwa na mchwa na chumvi, lakini sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman imepatikana hata Great Zimbabwe, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa cha kaskazini mwa Australia. Zaidi ya miaka 600 imepita, na jina bado linasomeka.

Hata jirani zetu wa Tabora wana ushahidi wao. Katika Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza zilipowazuia Wajerumani kupata fedha kutoka kwao, serikali ya Kijerumani ilichapisha noti za muda hapa hapa, nyingine kwa karatasi duni mno. Mwaka 1916 ikapiga pia sarafu katika karakana ya reli huko Tabora: za shaba kutokana na maganda ya risasi na mizinga, na za dhahabu ya rupia 15, zenye picha ya tembo mbele ya mlima, yapata elfu 16. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora. Serikali iliyokuwa imeweka ahadi yake juu ya karatasi ikaondoka, na ahadi ikaondoka nayo. Lakini yule tembo wa dhahabu hadi leo ananunuliwa kwa fedha nyingi na wakusanyaji wa sarafu.

Wala tusidhani hayo ni ya zamani tu. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa muda wa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5 mwaka 2025 watu wabadilishe noti za zamani, zile za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003 pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Jirani yangu mmoja, bibi wa miaka mingi, alifukua mtungi wake akakuta noti zimeshikamana na kuota ukungu, na nyingine zimetobolewa na wadudu. Tulizitenganisha moja moja kwa mvuke wa chai. Zilizosalimika alizibadilisha. Zilizobaki alizitazama muda mrefu, kisha akaziweka tena mtungini. Sikumwuliza kwa nini.

Basi tukaanza kazi. Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba si kila chuma ni chuma. Mpwa wangu alileta mfuniko wa sufuria wa alumini, kwa kuwa ni laini na herufi huingia kirahisi. Nikampeleka kwa mhunzi, tukaomba nafasi katika moto wake wa mkaa, mviringo ukavutwa. Muda si muda mfuniko ulilegea ukawa uji. Alumini huyeyuka katika nyuzi 660 za sentigredi, na moto wa nyumba inayoteketea unaweza kupita hapo. Bati linalopakwa zinki huota kutu zinki ikiisha. Shaba huyeyuka katika nyuzi 1,085. Chuma kisichoshika kutu, kile cha masinki na vyombo vya hospitali, huvumilia mpaka nyuzi 1,400 hivi. Tukapata kipande cha hicho kwa fundi wa kuchomelea, cha unene wa milimita mbili, ukubwa wa kiganja.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Fundi wa magari anazo zile nyundo ndogo za herufi, anazogongea namba kwenye chesisi. Alikuwa tayari kutugongea kila kitu kwa bei ya soda mbili. Lakini tungempa maneno, tungekuwa tumempa ng'ombe. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo ni kwamba siri ya namna hii haitofautishi mtu mwema na mbaya. Humtii yeyote aijuaye. Kwa hiyo tuliazima vyombo vyake tukavileta nyumbani.

Kijana aliniambia habari nyingine iliyopunguza kazi. Yale maneno 2,048 yalichaguliwa kwa namna kwamba herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua kila neno. Kwa hiyo hatukuhitaji kugonga maneno mazima. Tuligonga herufi nne za kila moja, na kando ya kila moja namba yake, 1 hadi 12, maana mpangilio ukipotea mali imepotea. Tulifanya kazi usiku, mlango umefungwa, taa juu ya meza, chini tumeweka kipande cha reli kiwe fuawe. Ko! Ko! Ko! Asubuhi jirani akaniuliza, "Mwalimu, umeanza uhunzi uzeeni?" Nikamjibu kwamba natengeneza bawaba. Mungu anisamehe.

Herufi moja tuliigonga kichwa chini. Tulipindua kibao tukaanza upya upande wa pili. Tulipomaliza, mpwa wangu alifanya jambo ambalo nililisifu kama mwalimu: alifuta kabisa programu katika simu yake, akaifungua upya kwa kusoma maneno kutoka kwenye kibao peke yake. Mali yake ikatokea. Daftari ambalo halijajaribiwa si daftari, ni tumaini. Kisha tukakichoma kile kikaratasi, nami nikamwambia asiyapige picha maneno yale kamwe, akacheka akasema hilo ndilo alilotaka kuniambia mimi.

Nilipendekeza tukate kibao katikati, nusu iwe kwangu na nusu kwake, kama wazee walivyogawa ng'ombe. Alinikataza. Kumbe mgawo huo una hasara mbili: nusu moja ikipotea yote yamepotea, na mwizi akipata maneno sita kazi yake ya kubahatisha yaliyobaki inapungua mno. Iko njia ya kugawa kwa hesabu, aliyoibuni Adi Shamir mwaka 1979, ambapo siri hugawanywa mafungu matatu na mawili yoyote yanatosha kuirudisha, wakati moja peke yake halisemi lolote. Lakini hiyo tuliiona ni ngumu kwetu. Tukatengeneza kibao cha pili kilicho sawa na cha kwanza, tukakubaliana vikae mahali pawili palipo mbali. Desturi ya baba ikatosha.

Mpwa wangu akaenda Muscat. Na hapa nataka kusema jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu.

Mwaka ule mafao yangu yalichelewa. Binti yangu wa mwisho alikuwa amepata nafasi ya chuo na ada ilikuwa inatakiwa kabla ya tarehe fulani. Usiku mmoja nilikitoa kibao mahali kilipokuwa, nikakiweka juu ya meza ileile. Thamani yake siku zile, kwa hesabu ya kijana, ilikuwa kama ya ng'ombe wanane. Simu ninayo. Nilikuwa nimemwona akiingiza maneno, na nisingeshindwa. Hakuna ambaye angejua. Hata yeye angedhani ni wezi wa mtandaoni, ambao habari zao kila mtu anazo. Nilijiambia kwamba ni mkopo. Nilijiambia kwamba dada yangu, angekuwa hai, angenikopesha mwenyewe.

Nilikaa na kile kibao mpaka mafuta ya taa yalipopungua. Nikamkumbuka yule mjane. Siku ile ya ubao na chapa, ng'ombe wanne walikuwa katika zizi la wanawe. Angenyamaza, wangebaki. Hakuna sheria ambayo ingemfikia. Aliendelea kuchambua mboga, akasema alichokijua, na maneno yake yakasomesha watoto wa mtu mwingine. Mimi ni mmoja wao. Ningewezaje kuyala maneno ya mtoto wa dada yangu? Nilikirudisha. Ada niliipata kwa kuuza kiwanja kidogo, kwa bei ya kutupa, na binti yangu alikwenda chuo.

Tangu usiku ule nilianza kuona kasoro katika kazi yetu nzuri. Chuma chetu kisingeungua wala kuoza, lakini kilikuwa na mlinzi mmoja tu, naye ana zaidi ya miaka 60. Siku za ujana wangu ningeona ni fahari kutunza siri peke yangu mpaka kaburini. Lakini siri ikifika kaburini si amana tena, ni hasara.

Nilisoma habari za gombo la shaba lililopatikana mwaka 1952 katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Watu wa kale, karibu miaka 2,000 iliyopita, waliandika juu ya shaba orodha ya mahali zaidi ya 60 palipofichwa dhahabu na fedha. Lilikuwa limeshika kutu kiasi kwamba halikuweza kukunjuliwa. Ikabidi likatwe vipande vipande huko Manchester, Uingereza, miaka ya 1955 na 1956. Maandishi yakasomwa. Lakini hazina haijapatikana, kwa sababu orodha inataja kisima fulani, ngazi fulani, kaburi fulani, na waliojua ni vipi walikufa na habari yao. Shaba ilitimiza wajibu wake. Waliokosekana ni watu.

Na yuko Mwingereza wa Wales, James Howells, ambaye mwaka 2013 diski ya kompyuta yake yenye ufunguo wa Bitcoin zipatazo 8,000 ilitupwa jalalani katika mji wa Newport. Alihangaika miaka mingi akiomba kulifukua jalala, mpaka Januari 2025 mahakama ilipotupilia mbali dai lake. Mali yake bado inaonekana katika lile daftari kubwa la ulimwengu. Kila mtu anaweza kuitazama, na hakuna awezaye kuigusa.

Kwa hiyo mpwa wangu aliporudi likizo nilimketisha, nikamwambia, "Mjomba, mkeo anajua?" Akasema hapana, alitaka amwambie siku moja, mambo yakitengemaa. Nikamwambia, "Rafiki wa babu yako naye alikuwa anasubiri siku moja. Wanawe hawakujua mpaka tulipofika na gunia. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa amemwambia mkewe." Alinyamaza muda mrefu. Alisema anaogopa, mambo ya ndoa hayatabiriki. Sikumlaumu, maana ni kweli. Lakini nilimwambia pia kwamba mimi nilikuwa nimekitoa kile kibao usiku mmoja, na kwa nini, na kwa nini nilikirudisha. Uso wake ulibadilika. Nilidhani atachukua mali yake aondoke, na ningeona ni haki yake.

Hakuondoka. Kesho yake alikuja na mkewe. Tulikaa watatu ndani, mlango umefungwa, nikaweka mezani chuma cha chapa cha baba na kibao cha mpwa wangu kando kwa kando. Nikamsimulia yule binti habari ya mwaka 1978 tangu mwanzo. Mumewe akamweleza maneno ni nini, yanavyoingizwa, na ya kwamba asimpe mtu yeyote atakayepiga simu akidai ni fundi. Aliuliza maswali mazuri kuliko yangu. Kisha akagusa zile herufi kwa kidole kimoja, moja baada ya nyingine, kama mtoto anayejifunza kusoma, akasema, "Kumbe ni kidogo hivi."

Ni kidogo kweli. Kinaingia mfukoni. Sijui kama sarafu hizi zitakuwa na thamani miaka 20 ijayo. Pengine mtoto wao atakifukua kibao na kukitazama kama sisi tunavyotazama noti za bibi jirani. Lakini atakikuta kinasomeka, na atamkuta mtu wa kumwambia ni cha nini.

Kibao cha kwanza kipo hapa Somanda. Cha pili kipo mbali. Watu watatu wanajua vilipo, na wewe msomaji, pamoja na wema wako wote wa kunisikiliza mpaka hapa, utanisamehe.